Namba Iliyosimama

Saa tatu na dakika nne asubuhi, Jumatano, skrini ya laptopu iliyokuwa juu ya meza ya Nzembi ilionyesha 37.6. Namba ilikuwa ya kijani, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka mlangoni, na chini yake kulikuwa na neno moja: SAWA. Nzembi alikuwa ameitazama tangu amalize chai. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja jina lake liitwe katika foleni ya hospitali.

Kwa siku kumi na tisa namba hiyo haikuwahi kutulia. Ilipanda hadi 37.8, ikashuka hadi 37.4, ikapanda tena. Nzembi alikuwa na miaka sitini na mmoja na hajawahi kugusa kompyuta ila kuipangusa vumbi, lakini mwendo wa namba ile alikuwa ameuzoea, kama mtu anavyozoea pumzi za anayelala kitanda cha pili. Leo haikupanda wala kushuka. Alihesabu vidole vya mikono yote miwili, polepole, mara sita. Ilibaki 37.6.

Akampigia mwanawe simu.

Mwangangi alikuwa mjini Machakos, kilomita ishirini hivi kutoka nyumbani Kola, katika chumba kilicho nyuma ya soko ambamo alitengeneza kompyuta, alichapisha barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Watu watano walikuwa kwenye benchi wakingoja. Aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Mwaitu," aliitikia, yaani mama kwa Kikamba.

"Nau, umeamka?" Alimwita nau, yaani baba yangu, kwa sababu mwanawe alibeba jina la baba mzazi wa Nzembi.

"Saa hii, mwaitu? Niko kazini kitambo. Sema haraka, hapa niko na watu."

"Ni hii namba yako. Imesimama."

"Imesimama ngapi?"

"Thelathini na saba nukta sita."

"Na taa?"

"Taa zinawaka."

"Chini imeandika nini?"

"SAWA."

Mwangangi alicheka. "Hapo ndipo nimekuwa nikitafuta isimame tangu Januari. Iache hapo hapo. Na usifungue mlango wa sanduku."

"Sijafungua. Si ulinikataza."

"Kabisa. Hata kasisi akikuja kubariki, mwambie arudi Ijumaa."

"Wewe, hebu wacha kuchanganya kasisi na mambo ya kuku."

"Haya. Nitapiga jioni."

Simu ilidumu sekunde hamsini na moja. Walizungumza Kikamba, na Kikamba hakikuwasaidia. Humo, kama katika Kiswahili, gari likishindwa kwenda limesimama, na mtoto akijishikiza kwa miguu yake mwenyewe amesimama. Kitenzi ni kimoja. Nzembi alisema kwamba namba imeacha kutembea. Mwangangi alisikia kwamba namba imepata miguu.

Sanduku la kuangulia mayai lilikuwa pembeni mwa meza, la plaiwudi, upana wa meta moja, ndani limebandikwa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Aliyelitengenezesha ni Loise. Loise alikuwa binti wa pekee wa Nzembi, mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka saba alifuga kuku wa shingo tupu, wale wasio na manyoya kuanzia kichwani hadi kifuani. Majirani walimcheka kwamba anafuga tai. Yeye alisema kuku hao hawachokeshwi na jua la Kola na hutaga hata kiangazi, na kila yai aliliandika kwa penseli herufi ya kuku aliyelitaga, ili ajue ni nani wa kuzidisha na nani wa kuchinja. Alifariki Novemba ya mwaka wa juzi, kwa saratani ya damu, akiwa na miaka thelathini na minane. Wiki ya mwisho hospitalini hakuulizia jambo la nyumbani isipokuwa moja: kuku wamekula?

Aliacha majike kumi na wanne na jogoo mmoja. Nzembi aliendelea kuandika herufi kwenye mayai, kwa penseli ile ile, hadi ikabaki kipande kisichofika urefu wa kidole gumba.

Mapema Machi alikusanya mayai sitini na manne kwa siku tisa akayaingiza sandukuni. Jumapili iliyofuata, siku ya pili ya mayai, alipokuwa kanisani, mbwa watatu wasio na mwenyewe walipasua wavu wa banda. Hawakula sana. Waliua wote kumi na watano na kuwaacha wametapakaa hadi kwenye shamba la mbaazi. Nzembi aliwazika siku hiyo hiyo, bado amevaa nguo ya kanisani. Baadaye akaulizia Katangi, ambako Loise aliwahi kupeleka jogoo mmoja kwa mwalimu mwenzake. Jogoo yule alikuwa ameliwa Krismasi. Kwa hiyo kuku wa Loise, wote waliobaki duniani, walikuwa ndani ya maganda sitini na manne kando ya meza ile. Jumanne, siku ya kumi na nane, Nzembi na Mwangangi waliyamulika kwa tochi moja moja. Matatu yalikuwa maji matupu. Sitini na moja yalikuwa na kiumbe ndani kinachojisogeza kikikwepa mwanga. Kisha wakafunga mlango, kwa sababu siku tatu za mwisho sanduku halifunguliwi, unyevu usitoke. Vifaranga walitarajiwa Ijumaa.

Mwangangi hakusomea kompyuta. Alikuwa mtunza maabara katika shule ya upili kwa miaka minne, na mkataba ulipoisha alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa video za simu, akiwa amevaa visikizi, akiandika mistari ya programu nyuma ya karatasi za mtihani zilizotupwa. Programu ya sanduku ilikuwa ya kwanza aliyoandika ikafanya kazi ya mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa mzunguko mmoja usioisha: soma joto kutoka kwenye waya ulio ndani ya sanduku, linganisha na 37.6, washa au zima taa mbili za joto kwa swichi ndogo inayolia tik, andika namba kwenye dirisha, pumzika sekunde mbili, rudi mwanzo.

Mara ya kwanza alipoiwasha, mwezi wa Januari, taa ziliwaka na kuzima inavyotakiwa lakini dirisha kwenye skrini lilibaki jeupe. Alichukua siku mbili kuelewa. Programu inapokuwa ndani ya mzunguko, dirisha halipati nafasi ya kujichora. Namba zipo, zinabadilika, ila hakuna anayezionyesha. Akapata mstari mmoja, update(), unaoliamuru dirisha lijichore papo hapo, akauweka mwishoni mwa mzunguko. Namba zikaanza kutembea. Nzembi alipiga makofi mara tatu na kusema laiti Loise angeona.

Alijua ni kiraka. Mzunguko ukikwama popote kabla ya kuufikia mstari ule, dirisha lisingechorwa upya. Halingekuwa jeupe tena, wala halingelalamika. Lingebaki na namba yake ya mwisho, safi, ya kijani. Ndiyo maana aliandika programu ya pili. Ndani yake usomaji wa joto ulitengwa na dirisha. Dirisha lilijichora kila sekunde bila kumngoja mtu, likaandika saa ya usomaji wa mwisho, na zikipita sekunde kumi bila habari mpya liligeuka jekundu lote. Aliimaliza siku ya saba ya mayai na kuiweka kwenye flashi, akaifunga kwa utepe na kuandika *Kola 2*.

"Kuiweka lazima nisimamishe hii ya kwanza," alimwambia mama yake kesho yake, Jumamosi. "Dakika nne hivi."

"Mayai yakiwa ndani?"

"Yakiwa ndani."

Nzembi hakukataa. Alilitazama tu sanduku. "Wewe ndiye unajua," alisema.

"Basi tungoje watoke kwanza," Mwangangi akasema, na flashi ikarudi kwenye droo mjini.

Kulikuwa na kitu kingine. Loise alikuwa akining'iniza themomita ya kioo ndani ya sanduku. Mwangangi aliitoa mwezi wa Februari, kwa sababu ilitofautiana na skrini kwa nusu nyuzi na mama yake alikuwa akipiga simu mara tatu kwa siku kuuliza aamini ipi. "Amini skrini," alimwambia. Nzembi aliitia themomita kwenye kikombe cha vijiko.

Saa tano na dakika thelathini na tano, katika chumba cha nyuma ya soko, Firdaus alikuwa kwenye kompyuta iliyo karibu na mlango. Alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili na alikuja kumwombea mama yake pasipoti. Alikuwa amepakia picha, na ule mstari wa buluu unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa mbele yake.

"Mwangangi, hii kitu yako imesimama."

"Imesimama wapi?"

"Themanini."

"Ngoja ifike mia."

"Ifike mia na miguu gani? Imesimama, nakuambia. Nimeiangalia mpaka njugu zimeisha." Alikunguta karatasi tupu ya njugu. Watu wa benchi walicheka. "Mama yangu atapata hiyo pasipoti akiwa na meno ya bandia."

Mwangangi alikuja akainama, akashika kipanya. Hakukisogeza.

"Umesema imesimama," alisema.

"Sasa nikuimbie?"

Akatoa simu mfukoni. Mama yake alijibu mlio wa kwanza.

"Mwaitu, ile namba. Inatembea ama haitembei?"

"Haitembei. Si ndiyo nilikuambia."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nifagie. Redio ilikuwa imemaliza habari za saa kumi na mbili."

"Na ile swichi? Ile inasema tik. Umeisikia leo?"

"Haijasema. Nilifikiri ni vizuri. Nilifikiri imetulia."

"Chomoa taa ukutani. Halafu fungua mlango."

"Nau, ulisema nisifu..."

"Fungua, mwaitu. Fungua sasa."

Alisikia simu ikiwekwa mezani, hatua tatu, kisha komeo. Kisha sauti ya mama yake, mbali na si kubwa.

"Aiya."

Baada ya hapo akairudia simu. "Ni kama nimefungua jiko," alisema.

Firdaus alikuwa amegeuza kiti. "Kuna nini?" aliuliza, na alipomwona Mwangangi akivuta droo na kutafuta flashi kwa mikono miwili, hakuuliza tena. "Enda," alisema. "Mimi nitafunga. Funguo nitakuwa nazo dukani."

Mulwa, mwendesha boda aliyezoea kumpeleka Kola siku za Jumamosi, alikuwa kivulini amelalia pikipiki yake.

"Leo si Jumamosi, mkubwa. Nani amekufa?"

"Twende, Mulwa."

Mulwa aliketi wima. "Pole. Nilikuwa nacheza tu," alisema, akawasha pikipiki.

Walifika saa sita na dakika thelathini na moja. Nzembi alikuwa amefanya yote yaliyowezekana. Taa zilikuwa zimechomolewa. Mlango wa sanduku ulikuwa wazi na alikuwa ameutegemeza kwa tofali. Dirisha la nyumba alilifungua nusu tu, baridi isije ghafla. Themomita ya Loise aliitoa kwenye kikombe na kuilaza juu ya trei, na nyuma ya bahasha ya sadaka aliandika: *saa tano na dakika arobaini na nne, 42*. Mlango wakati huo ulikuwa umekaa wazi dakika tano. Kabla ya kufunguliwa joto lilikuwa zaidi ya hapo. Kwa kiasi gani, hakuna aliyepima.

Skrini ilionyesha 37.6. SAWA.

"Niletee maji, mwaitu," Mwangangi alisema, ingawa hakuwa na kiu.

Mama yake alipotoka, alipiga magoti chini ya meza. Waya wa kipimajoto ulitoka kwenye sanduku na kuingia katika bodi ndogo iliyofungwa kwenye mguu wa meza, kwa meno matatu membamba. Jino moja lilikuwa limechomoka kiasi cha unene wa ukucha. Kwenye kona ya waya ule kulikuwa kumenasa unyasi mmoja wa ufagio. Mama yake alifagia chini ya meza kila siku saa kumi na mbili, baada ya kunyunyiza maji, kwa sababu Mwangangi alimwambia vumbi huua kompyuta.

Bodi ilikuwa imenyamaza, na programu ilikuwa imekaa kwenye mstari wake wa kwanza ikingoja neno. Hakuna mahali alipoiambia ichoke kungoja. Taa zilikuwa zimewashwa wakati huo, kwa hiyo zikaendelea kuwaka. Mstari wa update() ulikuwa chini kabisa, na mzunguko haukuufikia tena.

Alitoa unyasi akautia mfukoni. Akasukuma jino.

"Imetembea!" Nzembi alikuwa mlangoni na kikombe. "Nau, imetembea. Imeandika thelathini na moja."

Mwangangi aliinuka. Ilikuwa 31.2, kisha 31.1. Neno SAWA lilikuwa limegeuka kuwa BARIDI. Alifungua faili ambamo programu iliandika kila usomaji. Wa mwisho kabla ya pengo ulikuwa wa saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Muda wa saa tano na nusu, kasoro dakika tatu, bila usomaji wowote hadi mlango ulipofunguliwa.

"Ilikuwa ni waya?" Nzembi aliuliza.

"Ni programu."

"Kwa sababu mimi nilifagia hapo. Saa hiyo hiyo nilifagia."

"Ufagio hauna makosa. Programu yangu ilikuwa inangoja badala ya kusema. Nilijua inaweza kufanya hivyo."

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Programu ya pili, iliyokuwa sasa kwenye mfuko wa shati lake, ingegeuka nyekundu sekunde kumi baada ya ufagio kupita. Kuhusu unyasi hakusema.

"Ulinipigia," alisema. "Saa tatu ulinipigia."

"Ndiyo," alisema Nzembi. Akampa maji. "Kunywa."

Loise alikuwa na njia ya kuyajaribu mayai ya siku za mwisho, na Nzembi ndiye aliyeikumbuka. Alichemsha maji, akayachanganya na ya baridi kwenye beseni hadi yakafikia joto la kiwiko cha mkono, akaliweka beseni katikati ya meza. Yai lenye kifaranga hai huelea na kutikisika, hata kama hakuna aliyegusa maji. Kifaranga hupiga teke, yai hucheza. Lililokufa huelea tu.

Waliyatia sita sita. Mwangangi alisogeza laptopu chini sakafuni ili meza isitetemeke. Walisimama mikono nyuma, wakipumua kwa pua. Kila kundi walilipa dakika tatu kwa saa ya simu. Mayai yalielea, ncha pana juu, herufi za penseli zikitazama dari: K, B, K, R, M, B. Maji yalitulia hadi mbavu za mabati ya dari zikaonekana humo.

"Hili la R," Nzembi alisema katika kundi la pili, "jana lilikuwa linarusha miguu mpaka nikacheka."

"Nililiona."

"Loise alikuwa anasema R ni mama kelele."

Waliyatoa, wakayapanga kwenye trei ya upande wa kushoto. Wakatia sita mengine. Nje mtoto wa jirani alipita akiimba kitu cha shuleni, na Nzembi akaenda kufunga mlango polepole, akarudi kwa hatua za mtu anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa. Kundi la tatu. La nne. Maji yalipoa, wakaongeza ya moto na kungoja yatulie tena. Kundi la saba. Mwangangi aliandika kwenye bahasha ya sadaka, chini ya 42, vijistari vifupi. Hakuandika kitu kingine.

Katika kundi la tisa Nzembi alishika ukingo wa kitenge chake.

"La M limeinama."

"Lipi?"

"Hilo. Limeinama hivi, likarudi."

Mwangangi alilitazama. Halikuinama. "Ni maji, mwaitu. Pengine nimegusa meza."

"Hukugusa. Nilikuwa naangalia mikono yako."

Waliliacha peke yake ndani ya beseni. Dakika tatu zikapita, kisha tatu nyingine. Yai lilisimama wima majini, ncha pana juu, na herufi iliyoandikwa kwa penseli ya Loise haikugeuka upande wowote. Mwangangi alihesabu hadi dakika ya kumi na moja. Hakuona kitu. Alichoona mama yake dakika ya kwanza hakukiona pia, na hakuwa na njia ya kukikanusha.

Nzembi alilitoa, akalikausha kwa pindo la kitenge, akalifumbata ndani ya viganja vyote viwili. Mayai saba yaliyobaki Mwangangi aliyatia majini mwenyewe. Hakuna lililosogea.

Saa nane na dakika ishirini alichukua yai la R kutoka trei ya kushoto, akaligonga kwenye ukingo wa sahani na kulifungua. Alitaka kuwa na hakika na jambo moja. Kifaranga alikuwa amekamilika, kucha, mdomo, na kile kidoti cheupe juu ya mdomo cha kupasulia ganda. Macho yalikuwa yamefumbwa. Manyoya yalikuwa yamelowa na kulala mgongoni, na kuanzia kifuani hadi kichwani hapakuwa na manyoya yoyote.

Nzembi alisogea akatazama.

"Shingo," alisema.

Mwangangi alirudisha vipande vya ganda juu yake.

Walikaa. Kuku wa jirani mmoja, mwenye manyoya ya kawaida, aliingia akadonoa sakafu mahali maji yalipomwagika, na hakuna aliyemfukuza. Nzembi bado alikuwa amelishika yai la M.

"Hiyo nyingine," alisema hatimaye. "Ile uliandika. Umekuja nayo?"

"Niko nayo."

"Iweke."

"Kwa yai moja, mwaitu?"

"Nau. Iweke."

Akaisimamisha programu ya kwanza. Namba ya kijani ilitoweka kwenye skrini kwa mara ya kwanza tangu mayai yaingie. Alinakili ya pili kutoka kwenye flashi, akarekebisha jina la bodi mahali pawili, akachomeka taa ukutani, akaiwasha. Alikuwa ametazama saa alipoanza, na aliitazama tena. Dakika tatu na sekunde hamsini.

Nzembi alilaza yai katikati ya trei tupu. Alining'iniza themomita ya Loise mahali pake pa zamani, nyuma ya kioo kidogo cha mlango, na Mwangangi hakumzuia. Kisha akafunga komeo, akavuta kigoda.

Dirisha jipya lilikuwa na namba kubwa kama ya kwanza, na chini yake mstari mdogo: *imesomwa saa*, kisha saa yenyewe, dakika, na sekunde zilizobadilika moja baada ya nyingine. 27.9. 28.3. Taa ziliwaka. Mwangangi alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, mkono ndani ya mfuko wenye unyasi.

"Hujala tangu asubuhi," alisema.

"Hebu nyamaza nisikie."

34.0. 35.8. Nzembi aliegemeza sikio upande wa sanduku, macho kwenye skrini, midomo ikifuata sekunde bila sauti.

"Inatembea," alisema.

Saa tisa na dakika arobaini na moja alasiri namba ilifika 37.6. Chini yake sekunde za saa zilizidi kutembea: saba, kisha nane, kisha tisa. Swichi ikasema tik, na taa mbili zikazima.